Ulimwuliza Kifungu Gani?

Mjukuu wangu, nasikia umekopa kwa simu ukaenda kupanda mbegu ya sadaka kwa yule mhubiri. Kaa hapa kidogo. Sigombi, nguvu za kugombana ziliniishia zamani.

Juni 2024 ulitoka hapa Kangemi na bendera begani, mkaifuata Waiyaki Way hadi mjini kuukataa Mswada wa Fedha. Siku hiyo sikulala. Lakini kilichonifurahisha ni cha kabla ya maandamano: ulikaa kwenye kiti hicho hicho ukausoma mswada wenyewe kifungu baada ya kifungu, ukanieleza kuhusu ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na ule wa asilimia 2.5 kwa magari. Aliyekuja kuusifia ulimwambia ataje kifungu. Sasa huyu wa Jumapili ulimwuliza kifungu gani? Hesabu ya sadaka umeiona?

Sisi tulilelewa vingine. Septemba 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, nasi huku chini tukaitikia. Mwaka wa 1988 tukapiga kura ya mlolongo, ya kupanga mistari. Watu waliona kwa macho yao mstari mrefu ukitangazwa kuwa umeshindwa, wakarudi nyumbani wakala ugali. Ndiyo maana Mchungaji Timothy Njoya alitushtua Januari 1990, pale kanisa la St Andrew's. Serikali za Ulaya Mashariki zilikuwa zinaporomoka, naye akauliza chama tawala, KANU, kitadumu hadi lini. Wakubwa wakamjia juu. Haikufika miaka miwili, Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa. Na huyo alikuwa mtu wa madhabahuni, usisahau. Kuuliza hakukumtoa kwa Mungu.

Lakini kule msitu wa Shakahola, mwaka wa 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mchungaji aliyewaambia wafunge hadi kufa. Vijana mnapenda kusema wale walikuwa wajinga. Hapana. Walikuwamo waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Walifika mahali ambapo kumwuliza mchungaji ni sawa na kumkosea Mungu, basi.

Kanisa sikukatazi, hata mimi nitaenda Jumapili magoti yakinikubalia. Ila fungua Matendo ya Mitume, sura ya 17. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza Maandiko wenyewe waone kama ndivyo. Hawakukemewa, walisifiwa. Ukishasoma, mwendee mhazini, umwombe kwa heshima akuonyeshe kitabu cha mapato na matumizi. Usiende peke yako. Nendeni wawili, watatu, na mmoja awe mzee wa kanisa.