Deni Lililopitwa na Muda

Kwenye mazishi ya Kiislamu hapa Tanga, kabla maiti haijaswaliwa, husimama mmoja wa ndugu akasema: kama yuko anayemdai marehemu, aje kwetu, sisi ndio wa kulipa, na anayeweza kusamehe asamehe. Sijamsikia hata mmoja akiongeza kwamba madai yaliyozidi miaka sita hayatapokelewa. Mimi ni wakili, na nikiletewa kesi ya deni, tarehe ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama.

Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, Sura ya 89, inampa anayedai kutokana na mkataba miaka 6, na anayedai ardhi miaka 12. Muda ukipita, kifungu cha 3 kinaitaka mahakama iitupilie mbali kesi hata kama mdaiwa mwenyewe hakuligusia suala hilo. Haulizwi mtu kama mali ilipokewa. Zinahesabiwa tarehe, basi. Na mimi naiona ni sheria nzuri. Mashahidi hufa, daftari za duka huliwa na mchwa, na mjane hapaswi kuburutwa mahakamani kwa karatasi ya marehemu mumewe ambayo hakuna tena anayeweza kuithibitisha wala kuikanusha.

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alichukua saruji kwa mkopo kwa shemeji yake. Shemeji akaona haya kudai, kama tunavyooneana haya watu wa pwani, na alipokuja kushtaki mwaka wa nane ulikuwa umeshaingia. Nikaweka pingamizi la awali, kesi ikafa asubuhi hiyohiyo. Baadaye mzee, akiwa amejiandikisha kwenda Hija, akaja ofisini.

"Mwanangu wakili, mahakama imesema sidaiwi?"

"Imesema hawezi kukushtaki, mzee wangu."

"Sikukuuliza hilo."

Jibu alikuwa nalo. Kila aliyekaa darasa la msikitini anaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume mwenyewe aliwaonya waliomletea magomvi yao: yeye ni binadamu, anahukumu kwa anachokisikia, huenda mmoja akawa hodari wa kusema kuliko mwenzake, na atakayepewa haki ya ndugu yake kwa hukumu hiyo amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu iliyotoka kinywani mwa Mtume haiigeuzi haramu kuwa halali, ya Mahakama ya Wilaya itaigeuzaje?

Wapo wanaoniambia kwamba basi sheria yenyewe ndiyo mbovu, imeletwa na wazungu, dini haijui deni kuoza. Huwa nawataka wasome Majalla, sheria iliyoandikwa na wanazuoni wa dola ya Uthmaniyya kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi. Kifungu cha 1660 kinamkataza kadhi kusikiliza madai ya deni yaliyoachwa miaka 15. Wanazuoni wale nao walijua habari ya mchwa na daftari. Lakini wakaongeza kifungu cha 1674: haki haifi kwa kupita muda, na mdaiwa akikiri mbele ya kadhi kwamba anadaiwa kweli, atahukumiwa alipe, miaka iwe mingapi.

Hapo ndipo ninapoionea wivu Majalla. Kadhi wake hamtafutii mdai ushahidi uliokwisha kupotea, ila anamwachia mdaiwa nafasi ya kusema kweli, na akiisema inahesabika. Hakimu wetu anaifunga kesi kabla mtu hajafumbua kinywa. Mzee wangu siku ile alikaa kwenye benchi mwanzo hadi mwisho bila kuulizwa lolote, na mimi niliyemsemea sikuulizwa ila tarehe.

Hata hivyo sheria zetu si viziwi kabisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwa kawaida kwamba ahadi isiyo na malipo ya upande wa pili ni maneno matupu. Lakini kifungu cha 25 kinatoa ruhusa kwa ahadi ya maandishi, iliyotiwa saini, ya kulipa deni lililokwisha kupitwa na muda. Ahadi hiyo ni mkataba kamili. Aliyeitunga sheria hii alijua kwamba wapo watu watakaotaka kulipa wasichoweza kulazimishwa. Nilimsomea mzee kifungu hicho, na kama wakili wake nikamwonya: ukitia saini, shemeji yako anaweza kukushtaki upya. Akaniambia niandike.

Kilichotusumbua ni kiasi. Fedha ile miaka ile ilinunua saruji nyingi kuliko leo. Sheikh wake alishikilia kauli ya wanazuoni wengi: deni hulipwa kwa hesabu ileile, na kuweka sharti la nyongeza ni riba, lakini mdaiwa akizidisha kwa hiari yake bila kushurutishwa, huo ni wema, maana Mtume alikopa ngamia akarudisha aliye bora zaidi. Mimi niliona kwamba hesabu ileile ingemwacha shemeji na pengo. Mzee alitusikiliza sote wawili, akaniambia niandike tarakimu ya zamani vilevile. Mifuko atakayoongeza, alisema, isiingie kwenye karatasi ya wakili.