Jembe la Mgeni Chuoni

Hapana chuo kilichodumu miaka kumi kisichokuwa na mila zake. Mtaala hauzitaji, wala mkaguzi haziandiki katika taarifa yake, lakini mwanafunzi mpya huzikuta zikimngoja langoni: wimbo wa asubuhi, zamu ya kufagia uwanja, jina ambalo bweni limejipa, mti ambao mtu wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kuketi kivulini mwake. Mambo hayo tukiyakusanya huitwa moyo wa chuo. Swali linalotupasa sisi walimu na wanafunzi ni hili: je, aliyefika leo ana deni kwa waliomtangulia? Na kama analo, alikopa lini?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa ushirikiano na Sweden, na baadhi vikawekwa katika majengo ya vituo vya mafunzo ya vijijini vilivyokuwapo. Leo ni zaidi ya 50. Mtu huja kujifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo. Mwingine hukaa miaka miwili, mwingine miezi michache tu, kisha hurudi kwao na ufundi wake. Katika shule ya sekondari wakubwa hupata miaka kadhaa ya kuwarithisha wadogo. Hapa warithi na warithishwaji hupishana mlangoni. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba chuo cha namna hii hakiwezi kujenga mila ya kudumu.

Historia yasema vingine. Asili ya mbali ya vyuo hivi ni Denmark, ambako mwaka 1844, huko Rødding, ilifunguliwa shule ya kwanza ya aina hii kwa vijana wa mashambani. Fikra yake ilitoka kwa N. F. S. Grundtvig, kasisi na mshairi, aliyeamini kwamba watu huelimika kwa maneno yaliyo hai kuliko kwa mitihani. Sweden ikafuata mwaka 1868. Wanafunzi wa shule hizo nao hawakukaa muda mrefu, walakini desturi ya kuimba pamoja asubuhi imedumu hata leo. Kitabu chao cha nyimbo kilitoka mara ya kwanza mwaka 1894, na mwaka 2020 kikafikia toleo la 19. Nyimbo zimeachwa, nyingine zimeingizwa. Kilichorithiwa ni kule kuimba, na mwalimu huimba pamoja na mwanafunzi wake. Hili la mwisho ndilo nililolitafuta.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa ukali, kana kwamba inamfukuza mgeni. Mimi naiona kuwa ni ya heshima. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba shamba hili sasa ni lako pia. Lakini aliyempa jembe, naye analo lake mkononi. Mwenyeji aliyejilaza chini ya mwembe akamwamuru mgeni alime, huyo hakumpa jembe. Amejipatia kibarua asiye na ujira.

Zamu ya kufagia ambayo wa mwaka wa pili nao wamo, na mwalimu huonekana na ufagio wake, ni jembe. Vivyo hivyo benchi la karakana lililotengenezwa na mwanafunzi aliyekwisha kuondoka: anayeingia hulitumia, na likilegea mguu ni juu yake kuukaza. Lakini zipo desturi nyingine tunazozijua sote, ingawa hatupendi kuziandika. Mgeni hunyang'anywa sabuni, hufulishwa nguo za wenyeji, huamshwa usiku wa manane aimbe juu ya kitanda, na akiuliza sababu huambiwa, "Hata sisi tulifanyiwa." Jibu hilo halina budi lichunguzwe. Aliyemwonea kijana huyu amekwisha kwenda zake. Kijana anajilipa kwa mtu asiyemkosea, na mtu huyo naye atangoja mwaka mmoja ili ajilipe kwa mwingine. Deni la namna hii halilipiki kamwe, kwani kila mwaka hudaiwa yule asiyekopa.

Wenye kuzitetea desturi hizo husema kwamba walioteseka pamoja hupendana. Kuna ukweli ndani yake, maana dhiki huunganisha. Ila huwaunganisha walioonewa wao kwa wao, si wao na aliyewaonea, na chuo kilichogawanyika hivyo kina mioyo miwili. Husema pia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ilikusudiwa kumkinga mtu na utumwa. Wao huitumia kumtia mwenzao humo.

Tena katika vyuo hivi ubabe wa wenyeji hugongana na jambo ambalo ni nadra katika shule za sekondari. Mgeni aweza kuwa mama wa miaka 30 aliyekuja kujifunza ushonaji na mtoto mgongoni, kwani vyuo vingi vina kituo cha kulelea watoto. Mwenyeji aweza kuwa kijana wa miaka 18. Mila ya bweni yasema aliyetangulia kufika ndiye mkubwa. Mila ya nyumbani yamtaka kijana aseme shikamoo. Atii ipi? Binafsi sioni ugumu. Kijana na atoe shikamoo yake, kisha avute kigoda amwonyeshe mama huyo namna ya kupitisha uzi katika cherehani. Kuamkia hakumwondolei kijana ujuzi wake, wala umri haumzuii mama kufundishwa. Na katika foleni ya chakula mwenye mtoto atangulie, awe amefika jana au mwaka jana.