Flashi Imepotea

Kuna sentensi moja ya Kiswahili imenikaa kichwani kwa muda sasa, nikaona niilete hapa tuijadili. Yenyewe ni fupi: "Flashi imepotea." Iangalie vizuri ilivyojengwa. Hakuna mtu ndani yake. Flashi ndiyo iliyotenda, kana kwamba iliamka asubuhi ikajiondokea zake. Ndivyo tunavyosema pia kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, hela zimeisha. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi "nimevunja kikombe" mpaka abanwe. Lugha imempa mlango wa nyuma, naye anautumia.

Swali langu ni hili: mlango huo wa nyuma ni uongo, au ni huruma?

Nauliza kwa sababu siku hizi sentensi hii inasemwa ofisini, na kinachopotea si kikombe. Flashi ni ndogo kuliko kidole gumba, bei yake ni ya kilo moja au mbili za nyama, lakini inaweza kubeba kata nzima: majina, umri, namba za simu, magonjwa, madeni. Miongozo ya usalama ya ofisi nyingi inasema karibu mambo yale yale. Usibebe taarifa za watu kwenye kifaa chako binafsi. Kilichomo kifungwe, ili asiye na nywila asiweze kusoma kitu. Kikipotea, toa taarifa mara moja. Tunasaini siku ya kwanza kazini, karatasi inaingia kwenye faili, maisha yanaendelea.

Kwetu Tingi, huku Wilaya ya Nyasa, kati ya Mbinga na ziwa, flashi si anasa. Mtandao ukikata au kifurushi kikiisha, ripoti inasafiri mfukoni. Inapanda bodaboda, inashuka Mbamba Bay makao makuu ya wilaya, inachomekwa kwenye kompyuta ya steshenari ili zitoke kurasa mbili, inarudi na virusi. Mfuko wa shati ukiwa na tundu, ndiyo imekwenda hiyo. Na anayeiokota kwa kawaida si jasusi. Ni kijana tu anayejua kwamba flashi ni mali. Ataipeleka kwenye kibanda cha kurusha nyimbo ajaziwe bongo fleva na filamu zilizotafsiriwa. Ila mwenye kibanda, kabla hajafuta kilichomo, atafungua aone. Wengi wetu tungefungua. Na hapo ndipo penye uzito wa mahali kama kwetu: ukiokota orodha ya watu jijini London, unaona majina. Ukiiokota Tingi, unamwona shangazi yako.

Chukulia ni orodha ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Wapo watu, na si kwetu tu, wanaokiacha kituo kilicho jirani wakaenda kuchukua dawa mbali, wasikojulikana. Wanalipa nauli ambayo wasingepaswa kuilipa. Nauli hiyo ndiyo bei ya siri. Mama anauza debe la mahindi ili jirani asijue. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inayomtaka mhudumu wa afya aitunze siri hiyo. Sasa fikiria nauli ya miaka kumi inayeyuka mchana mmoja, mbele ya kibanda cha nyimbo.

Au chukulia ni orodha ya malipo ya kahawa ya chama cha msingi, AMCOS: jina, kilo, kiasi kilichoingia, namba ya simu. Msimu wa malipo, orodha hiyo ikiangukia mikono mibaya ni ramani ya nyumba za kuingia usiku. Na wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawatahitaji tena kubahatisha, maana watampigia mzee wa watu wakimtajia mpaka kilo zake.

Turudi kwa aliyepoteza. Mimi naona hivi: kosa la kupoteza ni lake, lakini saa zinazofuata si zake. Ni za wale walioandikwa mle ndani. Katika saa hizo njia inaweza kurudiwa kwa miguu kabla mvua haijanyesha. Madereva wa bodaboda wanaweza kuulizwa. Wenye vibanda wanaweza kuombwa wasifungue, wapewe na kitu kidogo cha asante. Nywila zinaweza kubadilishwa. Mwenye kahawa anaweza kuambiwa, "Mzee, wiki hii ukipigiwa simu ya hela, usitume." Mama wa CTC anaweza kujiandaa na la kumwambia mumewe kabla mumewe hajaambiwa kilabuni. Ukikaa kimya siku mbili ukitafuta peke yako chini ya kitanda, siku hizo mbili umezichukua kwa watu ambao hawajui hata kama wamechukuliwa kitu. Ndiyo maana siwezi kukubali ule utetezi wa "nilikuwa nahangaika kuitafuta kwanza". Kuhangaika ni kwema. Kuhangaika kwa siri ndiko kunakowagharimu wengine.

Tusidhani haya ni ya huku kwetu kwenye barabara za vumbi. Mwezi Oktoba mwaka 2007, idara ya kodi ya Uingereza ilituma diski mbili London, kwa ofisi ya ukaguzi, kama barua ya kawaida isiyosajiliwa. Ndani yake mlikuwa na taarifa za watu milioni 25, yaani familia zote zilizokuwa zikipokea posho ya watoto: majina, anwani, akaunti za benki. Diski hazikufika. Waliozisubiri walisema hawajaziona, lakini habari ilichukua takriban wiki mbili kuwafikia wakubwa wa idara yenyewe. Wananchi waliambiwa tarehe 20 Novemba, Waziri wa Fedha Alistair Darling aliposimama bungeni. Mkuu wa idara, Paul Gray, alijiuzulu. Diski hazikupatikana. Diski kupotea njiani ni ajali, ingawa ni ajali ya kizembe. Zile wiki mbili ni kitu kingine.

Linganisha na Amagasaki, Japani, Juni 2022. Mtu aliyekuwa kwenye kazi iliyotolewa na jiji alibeba flashi yenye taarifa za wakazi wote, kama 460,000, akaenda kunywa na wenzake, akalala barabarani, akaamka hana begi. Aibu gani inazidi hiyo? Lakini polisi waliambiwa, jiji likatangaza hadharani, watu wakatafuta, na ndani ya siku chache begi likapatikana na flashi zake. Tena zilikuwa zimefungwa kwa nywila. Huyu alikosea kuliko wale wa Uingereza, ukiuliza mimi. Ila aibu yake haikupewa nafasi ya kukua.

Sheria nazo zimeanza kulielewa hili. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aijulishe Tume bila kuchelewa usalama wake ukivunjwa. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2019, wameweka na saa kabisa: 72. Kwa maneno mengine, sheria inahesabu muda kwa niaba ya watu wasiojua kwamba muda unakwenda.

Sawa. Lakini saa 72 za sheria hazijibu hofu ya mtu mmoja saa kumi jioni, mkono mfukoni, mfuko mtupu. Karani huyo ana mkataba wa mwaka mmoja. Ana ada ya shule. Anamjua mkuu wake: mwaka jana mwenzake alisema ukweli juu ya jambo dogo kuliko hili, akaandikiwa barua, na mwingine aliyeficha la kwake bado yupo, juzi kapandishwa cheo. Unategemea afanye nini?

Hapa huwa nakumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951 ambacho wengi wetu tulikisoma tukiwa shule tukadhani ni cha mtihani tu. Wajumbe sita wanatumwa pande sita za dunia, wanateseka njiani, wanarudi na habari zenye manufaa kwa nchi, na kila mmoja akifika anaishia gerezani. Tukimaliza kusoma tunawasikitikia wajumbe. Mimi siku hizi nawafikiria pia Wakusadikika wa kawaida waliokuwa wakitazama. Baada ya mjumbe wa tatu kufungwa, nani kati yao angeona moshi kwenye ghala la taifa akaenda kusema? Wahenga walituambia mjumbe hauawi, na sidhani walisema hivyo kwa kumhurumia mjumbe peke yake. Ukimuua mmoja, wa pili hatakuja, na utabaki mfalme usiyejua adui amefika wapi.

Kwa hiyo ofisi inayompa barua ya onyo aliyesema, na kumwacha aliyeficha kwa kuwa haijamjua, imeshiriki kuununua ule ukimya. Haiwezi baadaye kuushangaa. Wenye ndege walilitambua hili mapema. Tangu mwaka 1976 NASA ya Marekani inapokea taarifa za siri za makosa ya usalama angani, na rubani aliyekosea bila kukusudia, bila jinai, akaandika taarifa ndani ya siku kumi, anaweza kuepushwa na adhabu ya mamlaka ya anga. Anayefanya makusudi halindwi. Hawakufanya hivyo kwa upole wa moyo, bwana. Walijua kwamba kosa lililosemwa linaweza kumwokoa abiria wa kesho.

Je, nimemwachia huru karani aliyenyamaza? Hapana. Hofu yake naielewa, na lawama naigawa: sehemu yake, sehemu ya mkuu wake. Lakini yule mama wa CTC hakuajiriwa na mkuu huyo. Hakusaini karatasi yoyote. Sioni ni kwa haki gani yeye ndiye alipie ukali wa ofisi isiyomhusu.

Kuna hoja moja ngumu zaidi, na huwa inasemwa na watu wazima wenye busara zao: mahali padogo, kutangaza nako ni kutoboa siri. Ukisimama kwenye mkutano wa kijiji useme orodha ya CTC imepotea, watu hawataitafuta flashi. Watatazamana usoni kuona nani kabadilika. Hoja hii ni ya kweli, nami siibezi. Ila ukiichunguza, inatufundisha namna ya kusema. Kunyamaza haikuruhusu. Mkuu anaambiwa leo leo. Anayetafuta anaambiwa anatafuta flashi, basi, haambiwi kilichomo. Walioandikwa mle wanaambiwa mmoja mmoja, ndani, mlango umefungwa, na mtu wanayemwamini. Na ikipatikana haijaguswa? Bado waambiwe. Huenda watakasirika. Ni haki yao kukasirika kwa kitu kilichokuwa chao.

Nirudi kwenye sarufi. Nilianza nikiishuku ile sentensi isiyo na mtu, na nakiri imenishinda kuichukia. "Flashi imepotea" inatosha kuanza kazi. Inatosha kumtoa mtu mbio kwenda stendi, kumpigia mwenye kibanda, kumwonya mzee wa kahawa. Mkuu mwenye akili akiisikia hatauliza kwanza "Nani?" Atauliza "Lini, na ilikuwa na nini?" Akianza na nani, sentensi itarudi kooni, na kesho hataambiwa hata hiyo.

Ila haipaswi kubaki hivyo milele. Zikishaisha zile saa za kutafuta, kuna sentensi ya pili, na hiyo ina mtu ndani yake: "Niliipoteza." Hiyo ya pili inamhusu msemaji na utu wake, na inaweza kusubiri mpaka kesho asubuhi. Ya kwanza inawahusu wengine. Haisubiri.