Mashtaka kwa Ajili ya Punda

Mtu akimpiga punda hadi kumvunja mguu mjini Songea, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya 2008 inamgusa. Mwendesha mashtaka akikataa kesi, je, haki imekwisha? Sikubali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kupeleka malalamiko kwa hakimu. Wapo wasemao mnyama hana haki kwa kuwa hana wajibu. Lakini mtoto mchanga naye hana wajibu, na tunamlinda. Katika dini pia, hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa, pamoja na Mithali 12:10 katika Biblia, isemayo mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, humdai mwenye nguvu jibu kwa anavyomtendea mnyama. Mkristo wa Peramiho na Mwislamu wa Songea Mjini wana sababu ileile ya kwenda mahakamani.