Siku Haina Hatia

Tarehe 6 Agosti Kanisa huadhimisha Kung'ara kwa Bwana, tukikumbuka jinsi Mitume watatu walivyouona uso wake mlimani uking'aa kama jua. Tarehe iyo hiyo mwaka 1945, saa mbili na robo asubuhi, mwanga mwingine uliwaka juu ya mji wa Hiroshima, nchini Japani, ukateketeza maelfu kwa maelfu ya watu.

Wako wasemao siku hiyo ina nuksi. La, wapenzi wasomaji! Amri iliyotolewa Marekani tarehe 25 Julai iliagiza bomu litupwe baada ya 3 Agosti hivi, mara hewa itakapokuwa nyeupe. Basi tarehe ilichaguliwa na mawingu. Mji haukuchaguliwa na mawingu: amri iliutaja kwa jina, wa kwanza kati ya minne.