Someni Kitabu cha Nne Kwanza

Wajukuu zangu, mtu akiwasimulia mashujaa wa kale waliokufa kwa ajili ya taifa, msikilizeni kwa adabu, kisha muulizeni: habari hii umeitoa kwa nani?

Chukueni Masada, ngome ya jabalini kando ya Bahari ya Chumvi. Karibu yote tunayoambiwa kuhusu kuzingirwa kwake yametoka kwa Flavius Josephus, jemadari wa Kiyahudi aliyejisalimisha kwa Warumi mwaka 67. Anasema Warumi walijenga tuta, wakabomoa ukuta. Usiku huo Eleazar ben Yair, kiongozi wa waliozingirwa, akawahutubia wenzake, wakauana wao kwa wao ili wasitekwe. Walikufa watu 960, wakapona wanawake wawili na watoto watano waliojificha chini, penye mifereji ya maji. Hotuba ameiandika ndefu, kana kwamba alikuwepo. Hakuwepo. Tena yeye mwenyewe, kule mjini Jotapata, kabla ya kujisalimisha, aliwahi kujificha pangoni na wenzake, wakapiga kura wauane, naye akabaki hai na mwenzake mmoja! Msimulizi wa namna hiyo sharti umsikilize kwa masikio mawili.

Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, haikuijali Masada. Iliyoiamsha ni karne ya 20: mwaka 1927 Yitzhak Lamdan akaitungia utenzi, vijana wa Kizayuni wakaanza kuupanda mlima, na baada ya Israeli kuundwa, askari wa vifaru wakalishwa kiapo kileleni. Yigael Yadin, aliyekuwa mkuu wa majeshi kabla ya kurudia akiolojia, akachimba kati ya 1963 na 1965. Akaokota vigae 11 vyenye majina, kimoja kikisomeka “ben Yair”, akaona huenda ndizo kura walizopiga watu wa Masada usiku ule. Lakini Josephus anataja watu 10 tu waliochaguliwa kwa kura kuwaua wenzao. Siwalaumu askari wale walioapa. Taifa changa lenye hofu hutafuta babu wa kujivunia. Tatizo ni kilichokatwa njiani.

Maana waliokuwa ngomeni walikuwa Sicarii, watu wa majambia. Josephus huyohuyo anasema usiku wa Pasaka walishuka Ein Gedi, kwa Wayahudi wenzao, wakawaua wanawake na watoto zaidi ya 700, wakabeba mazao hadi Masada. Kileleni, kwenye viapo, hayo hayakutajwa.

Kuzingirwa kumo katika kitabu cha saba cha Vita vya Wayahudi, aliyoiandika Josephus. Ein Gedi imo katika cha nne. Anzeni na cha nne.