Injini Ikifa Tena, Nani Alipe?



Sisi tunaoishi Kampala tunajua Katwe na Kisenyi, ambako injini kuukuu hufunguliwa, hubadilishwa ringi na beringi, kisha hufungwa tena. Tuchukue mfano. Familia tano zimechanga pesa, injini ya trekta lao ikatengenezwa upya, na fundi akatoa dhamana ya miezi mitatu. Juma la tatu, wakati wa kulima, injini inagonga na kusimama. Fundi anasema, "Mmeiendesha bila maji." Wenye trekta wanasema, "Uliweka spea za zamani." Mvua haiwangojei. Nani alipe?

Wengine watasema fundi alipe yote, kwa sababu aliahidi. Wengine watasema chuma ni chuma, hakuna wa kulaumiwa. Majibu haya ni mepesi mno. Hakuna binadamu anayeweza kuahidi kwamba chuma hakitavunjika. Anachoweza kuahidi ni kazi ya uangalifu na ustadi, na hilo sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inalidai hata kama halikuandikwa.

Tusome Kutoka 22. Mtu aliyekabidhiwa mnyama wa jirani, mnyama akiibiwa, atalipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, alete mabaki yawe ushahidi, naye hatalipa. Haiulizwi nani maskini zaidi, wala nani ana sauti kubwa. Inaulizwa: mabaki yako wapi?

Injini nayo ina mabaki. Beringi iliyokosa oili huungua na kubadilika rangi. Iliyoingiwa na uchafu hubaki na mikwaruzo. Kichwa cha silinda kikipata joto kupita kiasi hupinda. Kwa hiyo fundi anayeifungua peke yake usiku, au wenye trekta wanaoipeleka gereji nyingine bila kumwita, wameharibu ushahidi. Ifunguliwe mbele ya pande zote, pamoja na fundi wa tatu.

Na kama mabaki hayaonyeshi kitu? Sura hiyo inasema mtunzaji ataapa, mwenye mali atakubali, na hakuna malipo. Ni neno gumu kwetu tuliopoteza mengi, maana aliyeumia hutamani apatikane mtu wa kulipa. Lakini iko hasara isiyo na mkosaji. Hapo fundi akisaidia, ni ukarimu wake. Tusiugeuze kuwa deni kwa kulitaja jina la Mungu.

Je, twende mahakamani? Katika 1 Wakorintho 6, Paulo anataka ndugu waamini wapatanishwe na wenzao, na tuanze hapo. Lakini fundi akikataa hata injini isifunguliwe, kudai haki si kukosa upendo. Kanuni za Uganda za mwaka 2011 zinaruhusu madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, kusikilizwa bila wakili. Naye mkimbizi ana haki ya kufika mahakamani kwa kifungu cha 16 cha Mkataba wa mwaka 1951.

Kabla ya kulipa, andikeni kila kitakachobadilishwa na muda wa dhamana, kisha ombeni mrudishiwe vipuri vilivyotolewa. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa maana karatasi hiyo inamlinda yeye pia.